Mchagua Nazi Hupata Koroma



Wazee wa pwani husema, mchagua nazi hupata koroma. Aghalabu maneno haya huambiwa kijana atafutaye mchumba, akamkataa huyu kwa urefu na yule kwa ufupi, hata mwisho akaangukia asiyemtaka. Leo napenda kuipeleka methali hii shuleni, kwa kuwa liko swali linalotusumbua sisi walimu na ninyi wazazi, nalo ni hili: Je, ni haki shule kuchagua watoto? Na mzazi apelekaye mwanawe katika shule ya namna hiyo, hali watoto wa jirani, na pengine nduguze mtoto yule yule, hawawezi kuingia, je, atenda haki au adhulumu?

Swali hili si la watu wa Dar es Salaam peke yao. Sisi tukaao kando ya Ghuba ya Mnazi, tangu Msimbati na Madimba mpaka Kilambo kwenye mto Ruvuma, twalijua sana. Korosho zikiisha kuuzwa, au samaki wakipatikana kwa wingi, mume na mke huketi jioni wakashauriana: mwaka huu tuna fedha kidogo, tumpeleke nani? Neno hilo fupi, "tumpeleke nani," ndani yake mna jambo zito kuliko fedha zenyewe.

Kwanza tuijue shule tunayoisema. Katika Tanzania shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na shule za sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Mtoto atokaye shule ya msingi ya kijijini hufika kidato cha kwanza akakuta mwalimu wa Historia na mwalimu wa Baiolojia wote wawili wanasema kwa lugha asiyoizoea, naye hupoteza mwaka mzima akitafuta maana ya maneno kabla hajaanza kutafuta maana ya masomo. Wazazi waliona taabu hiyo. Basi, sera ya elimu ya mwaka 1995 ilipowafungulia mlango watu binafsi, shule za mchepuo wa Kiingereza ziliongezeka katika miji, nyingi zikiwa za kutwa: mtoto huenda asubuhi na kurudi kwao jioni.

Mwenendo wa shule hizo ni mzuri kuutazama. Alfajiri basi la shule hupita likikusanya watoto. Husimama mstarini, huimba, hukaguliwa kucha na sare. Hesabu na Sayansi hufundishwa kabla ya mchana, akili zingali baridi. Darasa si kubwa, na mwalimu humjua kila mtoto kwa jina lake na kwa udhaifu wake. Mara nyingi ipo maktaba, upo uwanja wa michezo, uko mdahalo ambamo mtoto wa miaka 10 husimama mbele ya wenzake akajenga hoja bila kutetemeka. Majaribio huja mara kwa mara, na mzazi huletewa habari ya maendeleo ya mwanawe. Mimi ni mwalimu, nami siwezi kusema kwamba mambo hayo ni mabaya. Ni mema, na laiti kila mtoto angeyapata.

Lakini hayapati kila mtoto. Kabla ya kuandikwa, mtoto huketishwa katika usaili, akapimwa herufi, hesabu, na mara nyingi Kiingereza. Afauluye hupokewa, asiyefaulu hurudishwa kwao. Hapo ndipo methali yetu inapoanza kusema.

Wako watu wasemao kwamba kuchagua kwenyewe ni dhuluma. Mimi sikubaliani nao. Nahodha huchagua mabaharia, wala hatumwiti dhalimu. Angechukua kila ajaye, chombo kingezama na wote wangeangamia. Tena katika historia ya elimu ya nchi yetu kuchagua kulikuwapo tangu zamani. Mwaka 1925 serikali ya Kiingereza ilifungua shule ya Tabora, nayo ilikusudiwa hasa kwa wana wa machifu. Misheni nazo zilikuwa na shule nyingi ndogo za vijijini na vyuo vichache vya juu, na kutoka zile nyingi waliingia wachache katika hivi vichache. Nafasi zikiwa chache, sharti wengine waingie na wengine wabaki. Kuchagua katika uchache si dhambi. Tunalopaswa kuuliza ni hili: wachaguliwa kwa kipimo gani, na kwa faida ya nani?

Tuanze na kipimo. Shule husema kwamba huchagua kwa akili. Tukitazama vizuri twaona kwamba kabla mtoto hajashika kalamu ya usaili, amekwisha kupita katika nyungo mbili. Ungo wa kwanza ni mfuko wa babaye, kwa maana asiye na ada haendi hata kuuliza. Ungo wa pili ni njia. Toka Msimbati mpaka mjini Mtwara ni zaidi ya kilomita 30. Shule ya kutwa iliyoko mjini ni ya kutwa kwa mtoto wa mjini; mtoto wa kwetu hana budi akae kwa shangazi au kwa mjomba, ikiwa anaye, na ikiwa yule mjomba ana nafasi na moyo. Basi ungo wa tatu, yaani usaili, huwapata wale tu waliosalia katika nyungo mbili za kwanza, nao wengi wamekwisha kusikia Kiingereza nyumbani na kushika vitabu vyenye picha kabla ya kwenda shule. Kusema kwamba waliofaulu ndio wenye akili wa nchi, ni sawa na mvuvi atupaye wavu karibu na gati kisha akasema baharini hamna samaki wengine.

Tena liko jambo la wakati. Watu wa pwani wajua kwamba nazi haianzi kuwa nazi. Huanza kidaka, ikawa kitale, ikawa dafu, ikawa koroma, ndipo ikawa nazi. Koroma si nazi mbovu. Ni nazi ambayo siku zake hazijatimia. Akiangua mtu koroma akaitupa kwa kuwa haina tui la kutosha, kosa si la koroma, ni la aliyepanda mnazi kabla ya wakati. Nao watoto ndivyo walivyo. Yuko aliyekomaa akiwa na miaka 6, na yuko atakayekomaa akiwa na miaka 13, na usaili wa siku moja hauwezi kuwatenganisha.

Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa mwaka 1922, akaanza shule ya Mwisenge huko Musoma mwaka 1934, umri wake ukiwa yapata miaka 12. Mwaka 1937 akaingia Tabora, na mwaka 1943 akaenda Makerere. Kama mlango wa shule ungefungwa kwa kila aliyekosa kujua herufi akiwa na miaka 6, yeye angebaki nje akichunga mbuzi.

Mfano mwingine uko karibu nasi zaidi. Chuo cha Kiungani huko Unguja, kilichokuwa chimbuko la walimu wengi wa misheni ya zamani, kilianza na watoto waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Watoto wale hawakuchaguliwa kwa mali, maana wao wenyewe walikuwa wamefanywa mali. Hawakuchaguliwa kwa usaili, wala hawakuwa na baba wa kuwalipia. Walipokewa kwa sababu walikuwako na walikuwa na shida. Mmoja wao, Cecil Majaliwa, aliyekuwa Myao, alipewa upadre mwaka 1890, wa kwanza kati ya Waafrika wa misheni ile, akahudumu miaka mingi Chitangali, katika nchi hii yetu ya kusini. Tuyaweke moyoni: shule isiyochagua ilitoa matunda ambayo hakuna aliyeyatazamia.

Sasa tuje kwenye sifa. Matokeo ya mitihani yakitoka, shule zichaguazo hujisifu, na sisi huzisifu, nazo hupata wanafunzi wengi zaidi. Lakini tufikiri. Mganga akiweka mlinzi mlangoni, akamwambia, "Waruhusu waingie wazima tu, wagonjwa warudishe kwao," kisha mwisho wa mwaka akatangaza kwamba hakuna aliyefia kwake, je, tutamsifu kwa uganga? Tutamsifu kwa ujanja. Ubora wa mwalimu haujulikani kwa mahali mwanafunzi alipofika tu, hujulikana kwa umbali kati ya alipomkuta na alipomfikisha. Mwalimu wa shule ya kijijini, mwenye darasa lililojaa, aliyempokea mtoto asiyejua hata kushika kalamu akamfikisha kusoma barua na kuandika jibu lake, amekwenda safari ndefu, ijapokuwa jina lake halitajwi popote. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Na shule ikisifiwa mno kwa alama, huanza kulinda alama kuliko kulinda watoto.

Nalo hilo limetokea. Katika baadhi ya shule mtoto aliyepokewa kwa furaha na kulipiwa ada miaka mitatu huambiwa, mtihani wa taifa ukikaribia, kwamba alama zake hazitoshi. Akariri darasa au ahame. Kwa nini? Ili asiharibu jina la shule. Hiyo ndiyo dhuluma kubwa kuliko ile ya kumkataa mlangoni. Aliyemkataa mlangoni hakumwahidi kitu. Aliyemwandika amefunga naye ahadi, naye mtoto akiyumba ndipo ahadi hiyo inapotakiwa. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha desturi ya kutangaza shule kumi bora na watahiniwa bora. Mimi naona lilifanya vema. Watu wengine walinung'unika wakisema mashindano huleta bidii. Ni kweli huleta; lakini bidii ile ilikuwa yaelekea zaidi kwenye ungo kuliko kwenye ubao.

Baada ya shule, tumfikie mzazi. Tuseme yuko mtu mmoja wa kijiji chochote cha ghuba yetu, ana watoto wanne, wawili wa kike na wawili wa kiume. Fedha zake zatosha ada ya mmoja. Afanyeje? Wengine humpeleka mvulana kwa kuwa ni mvulana, na hilo halina hoja ya kujibiwa, ni mazoea tu. Wengine humpeleka mwenye akili nyingi. Wengine husema, kwa kuwa siwezi wote, basi asiende yeyote, ndiyo haki. Lakini haki ya namna hiyo ni kama kuzima taa kwa sababu haimuliki vyumba vyote. Nyumba nzima ikikaa gizani, hakuna aliyefaidika.

Neno langu ni hili. Mzazi ana ruhusa kumpeleka mmoja, kwa sharti kwamba hachukui kilicho cha wale watatu. Elimu ya msingi ya serikali iliondolewa ada mwaka 2001, wakati wa Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Masasi ambaye mwenyewe alisoma katika shule za misheni, Ndanda na Pugu. Mwaka 2016 ada iliondolewa mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 mpaka kidato cha sita. Kwa hiyo wale watatu wana shule. Lakini wahitaji madaftari, sare, chakula, taa ya kusomea, na saa moja ambayo hawatumwi kazi. Ikiwa ada ya mmoja yala madaftari ya watatu, au ikiwa binti hukosa shule siku mbili kwa juma ili ayafanye mashamba yatakayomlipia kaka yake, hapo mzazi amedhulumu, hata kama yule mmoja atakuwa daktari. Na ikiwa watatu wana vyao, na ziada ndiyo inayomwendea mmoja, hapo hajadhulumu.

Walakini wale watatu watauliza, "Kwa nini si mimi?" Wana haki ya kujibiwa. Baba asiwaambie kamwe, "Kwa sababu ninyi hamna akili." Neno hilo huingia katika mtoto kama mwiba, nalo halitoki. Tena si kweli, maana nimekwisha kusema habari ya koroma. Awaambie ukweli: "Fedha zilitosha mmoja. Tulimchagua huyu. Hakuchaguliwa kwa ajili yake peke yake, naye atawarudishieni." Yakobo alimvika Yusufu kanzu nzuri, na chuki ikaingia nyumbani, na siku za njaa ni yule yule Yusufu aliyewapa nduguze nafaka. Kanzu iliwatenganisha, ghala ikawakusanya.

Hapo twafika kwenye swali la pili, yaani kwa faida ya nani. Mwaka 1964 Nyerere aliliambia Bunge mfano ambao watu wengi wangali wanaukumbuka. Aliyepewa elimu, alisema, ni kama mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula kwa wote. Akila asirudi, amewasaliti. Mfano huu wajibu swali letu lote. Kijiji hakikukosa kwa kumchagua mmoja. Kingekosa kama kingemchagua ili ashibe yeye tu. Wala yeye hakuchaguliwa kwa kuwa ni bora kuliko wenzake. Alichaguliwa kwa kuwa ilibidi mmoja aende.

Watu husema deni hilo litalipwa baadaye, mtoto akiisha kuwa mkubwa na kupata kazi. Mimi nasema shule ya kutwa ina heri moja ambayo shule ya bweni haina: deni laweza kuanza kulipwa jioni hii hii. Zamani kijana wa kusini aliyechaguliwa kwenda Kiungani alipanda chombo akaenda Unguja, asionekane kwao kwa muda mrefu. Akirudi, mara nyingine hata chakula cha mamaye kilimwia kigeni. Mtoto wa shule ya kutwa hulala penye nduguze. Daftari lake hufunguliwa juu ya mkeka ule ule wanaoukalia wote. Nguo yake ya shule huanikwa pamoja na zao. Kila jioni apita mbele ya macho ya watu, nao huona kama elimu ile inamfanya mwema au inamfanya mgeni.

Basi na afundishe. Mtoto wa miaka 9 aliyejifunza leo maneno 5 ya Kiingereza aweza kumpa dada yake maneno hayo 5 kabla ya kulala, naye mwenyewe atayashika zaidi, kwa maana afundishaye husoma mara mbili. Na achote maji kama wengine. Na amjibu bibi yake kwa Kimakonde bila haya. Akiona aibu kusema lugha ya mama kwa sababu shuleni kwao Kiingereza ndicho kinachosifiwa, shule hiyo imemfundisha maneno na kumwondolea watu. Nasi walimu tusijaze jioni yote kwa kazi za nyumbani na tuisheni hata mtoto asiwe na saa ya kuwa ndugu wa mtu. Ratiba ya shule isiyomwachia mtoto nafasi ya nyumbani imechukua kitu ambacho hakikuwa chake.

Tena mzazi ana jambo moja zaidi, nalo husahauliwa sana. Amwondoapo mwanawe katika shule ya kijiji, mara nyingi hujiondoa na yeye. Haendi tena kwenye kamati ya shule, haulizi choo kimebomoka kwa nini, hachangi dawati. Na kwa kuwa yeye ni mwenye kusema na kusikilizwa, kijiji kimepoteza mtoto mmoja na sauti moja kubwa. Mwenye kumpeleka mwanawe mjini na abaki katika kamati ya kijiji. Huo ndio mtihani wake yeye, wala hauna usaili.

Kwa kifupi, jibu langu ni hili. Shule yaweza kuchagua, lakini isijisifu kwa kuchagua, wala isimtupe iliyemwandika. Mzazi aweza kumpeleka mmoja, lakini asiwaibie wengine wala asiwaambie kwamba wao ni pungufu. Na mtoto aliyechaguliwa na ajue kwamba amebeba chakula cha watu.

Ndugu msomaji, msimu wa korosho utakuja tena, nanyi mtaketi mkashauriana. Kabla hamjauliza "tumpeleke nani," ulizeni kwanza wale watakaobaki wana nini. Nyumba ikilijibu swali hilo vizuri, yeyote atakayekwenda atakuwa amekwenda kwa ajili ya wote.